Maji na Wasomaji: Mwani wa Chujio la Mchanga na Kemikali za Shambani

SWALI: Ndugu Mhariri, sisi ni kamati ya maji ya kijiji kilichopo mteremko wa kusini wa Mlima Kilimanjaro. Chujio letu la mchanga, lile la polepole, lina mita za mraba 20. Siku zote mchanga umefunikwa na utando wa kijani. Baada ya mashamba ya kahawa ya juu kupuliziwa dawa na mvua kunyesha, utando umepauka, vipande vinaelea na maji yanayotoka yananuka matope. Je, ni sumu? Tufanye nini?
Kamati ya Maji, Moshi Vijijini

JIBU: Mtuhumiwa wa kwanza ni shaba. Dawa nyingi za kukinga magonjwa ya kahawa, yaani chulebuni inayoozesha matunda na kutu ya majani, hutengenezwa kwa shaba, na mwani hauivumilii shaba kabisa. Shirika la Afya Duniani linaruhusu miligramu 2 za shaba katika lita moja ya maji ya kunywa. Aina nyingi za mwani huanza kudumaa kwenye mikrogramu 10 hadi 50, yaani sehemu ndogo sana ya kiwango hicho. Ndiyo maana maabara inaweza kuwaandikia kwamba maji yenu yanafaa kwa binadamu, na bado utando ukafa. Maji laini na maangavu ya mlimani huongeza ukali, kwa kuwa hayana chokaa wala mboji ya kutosha kuishika shaba.

Kabla ya kumlaumu mkulima, hakikisheni si tope la mafuriko. Utando uliozikwa na tope huwa na tabaka laini la udongo juu yake, na ukilisuuza unakuta nyuzi za mwani bado ni kijani. Uliouawa na kemikali hupauka au kuwa kahawia ya manjano, na nyuzi hukatika ukizishika.

Kuna kipimo kingine kisichohitaji maabara. Pimeni pH (kipimo cha asidi) ya maji yaliyo juu ya mchanga alfajiri, kisha saa nane mchana siku yenye jua. Mwani ulio hai hula kaboni dayoksaidi mchana, hivyo pH hupanda, mara nyingi kwa nusu au hata moja nzima, na mnaona vipovu vya oksijeni vimeshikilia utando. Namba mbili zikilingana na vipovu havipo, mwani umeacha kazi.

Tusikuze lakini nafasi ya mwani wenyewe. Kazi kubwa ya kuondoa vimelea hufanywa na bakteria na vijidudu vya chembe moja vinavyokula bakteria, ndani ya ute wa utando na katika sentimita chache za juu za mchanga. Kuna machujio yaliyofunikwa, yasiyo na mwani hata kidogo, na yanafanya kazi vizuri. Hatari ya hapo kwenu ni mbili. Shaba huua pia hao walaji wa bakteria, kwa hiyo E. koli, bakteria wa kinyesi, wanaweza kupenya. Halafu mwani mwingi ukifa kwa pamoja huoza, na kuoza kunamaliza oksijeni. Maji yanayotoka yanapaswa kubaki na miligramu 3 za oksijeni kwa lita au zaidi. Ikiisha, mchanga unakuwa na mabaka meusi, maji yananuka yai bovu, na chuma na manganizi zilizokuwa zimeshikwa zinaanza kuyeyuka.

Sasa kazi. Leo hii yaelekezeni maji ya chujio hilo kwenye bomba la kumwaga, yasiingie tangini. Msifunge kila kitu na kuacha maji yametuama, maana oksijeni itaisha kwa saa chache. Opoeni vipande vinavyoelea kwa wavu. Shusheni maji hadi sentimita 10 hadi 20 chini ya uso wa mchanga, wekeni mbao za kukanyagia, kisha kwangueni sentimita 1 hadi 2 za juu kwa koleo bapa. Mkikuta tope jeusi chini yake, endeleeni hadi mlifikie tabaka safi, ila unene wa mchanga usipungue sentimita 50. Mchanga mliokwangua msiuoshe na kuurudisha kama ilivyo desturi. Shaba imo humo. Ufukieni mbali na mto.

Kurudisha maji ndipo wengi wanapokosea. Yaingizwe kutoka chini, kwa maji yaliyochujwa na chujio la pili, hadi yafike sentimita 10 juu ya mchanga. Mkimwaga kutoka juu, hewa inanaswa katikati ya chembe na maji yanatafuta njia za mkato. Kwa mwendo wa kawaida wa sentimita 15 kwa saa, chujio lenu linatoa lita 3,000 kwa saa. Anzeni na robo ya hiyo, lita 750, mkiendelea kumwaga nje. Baada ya kukwangua kwa kawaida siku moja au mbili zinatosha. Baada ya sumu tarajieni wiki moja hadi tatu. Msiyarudishe tangini mpaka ukungu wa maji uwe chini ya NTU 1 (NTU ni kizio cha ukungu) na vipimo viwili mfululizo visionyeshe E. koli.

Klorini iwekwe baada ya chujio, kamwe si kabla. Kwa tangi la lita 10,000 na dozi ya miligramu 1.5 kwa lita mnahitaji gramu 15 za klorini halisi; kwa unga wa asilimia 65 hiyo ni gramu 23. Baada ya dakika 30 ibaki miligramu 0.5 kwa lita.

Ushahidi wa sumu haukai ndani ya maji. Wimbi la mvua ya kwanza hupita kwa saa chache, nanyi mnachota sampuli siku ya tatu, mnaambiwa hakuna kitu. Chukueni utando wenyewe, gramu 100 hivi, kwenye chupa safi ya plastiki: mwani hukusanya metali mwilini, na shaba itaonekana humo hata mto ukiwa umeshasafika. Ombeni maabara ya maji ya mkoa iupime pamoja na utando uliotolewa juu ya mashamba, ili kuwe na cha kulinganisha. Mkishapata jibu, kubalianeni na wakulima watoe taarifa siku moja kabla ya kupuliza, nanyi mfunge banio la kuingizia maji mvua ya kwanza inapoanza. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 za kingo za mto. Hilo semeni nao pia, kwa upole, kwani nao wanakunywa maji hayohayo.

SWALI: Kwetu ni kinyume. Tangu msimu wa mbolea uanze, mwani umejaa na chujio linaziba kila baada ya siku kumi. Tulifunika kwa turubai jeusi, maji yakaanza kunuka. Kwa nini?
Fundi maji, Mbeya

JIBU: Mbolea ni kemikali pia. Fosforasi ya mikrogramu 30 tu kwa lita inatosha kulifanya bwawa liwe la kijani, na mbolea ya DAP iliyosombwa na mvua inaleta zaidi ya hapo. Mwani wa nyuzi si mbaya sana: unatanda juu kama mkeka na kukamata uchafu kabla haujafika mchangani. Unaoziba ni ule mdogo wenye ganda la silika, unaopanga maganda yake kwenye matundu ya mchanga. Mwani ukizidi, pH mchana hupita 9 na chokaa inaganda juu ya chembe. Ukikwangua unasikia ukoko mgumu.

Turubai ni wazo zuri lililokuja kwa wakati mbaya. Umeuzimia mwani wote mwanga siku moja, ukafa, ukaoza papo hapo. Kwangua kwanza, rudisha maji, ndipo ufunike chujio likiwa safi. Neti ya kivuli inatosha na inaruhusu hewa.

SWALI: Mrututu si unaua mwani? Tunachota ziwani na maji yana rangi ya kijani kama rangi ya ukutani. Tukiweka kidogo kwenye tangi la kutuliza tope?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Msiweke. Ule wa Ziwa Victoria wenye rangi hiyo mara nyingi ni bakteria wa kijani-bluu, Microcystis wakiwemo, na baadhi yao hubeba sumu ya ini ndani ya chembe. Chembe nzima hunaswa na mchanga. Mrututu, ambao ni chumvi ya shaba, unazipasua, sumu inayeyuka majini na kupita, na shaba hiyohiyo inaua bakteria wa chujio ambao wangeweza kuivunjavunja. Kikomo cha mikrosistini-LR, mojawapo ya sumu hizo za ini, kwenye maji ya kunywa ni mikrogramu 1 kwa lita, na kuchemsha hakuiondoi. Shusheni mdomo wa bomba chini ya tabaka la kijani, wekeni chujio la kokoto mbele ya lile la mchanga, na siku utando unapokuwa mzito kandokando ya ziwa tumieni chanzo kingine kwa kunywa.

SWALI: Nina chujio la mchanga la ndoo nyumbani. Maji ya bomba yana harufu ya dawa. Niyamwage tu ndani ya chujio?
Mama wa nyumbani, Morogoro

JIBU: Usiyamwage humo, mama. Klorini itaua utando uliochukua hadi siku 30 kukomaa. Maji yenye klorini ya kutosha hayahitaji chujio hilo. Litunze kwa maji ya kisima au ya mvua, sentimita 5 za maji zikae juu ya mchanga wakati wote, na usilisafishe kwa jiki wala sabuni. Ukiona kijani ndani, mfuniko unapitisha mwanga.

SWALI: Sisi tuko chini ya mashamba ya miwa. Je, chujio linaondoa dawa ya magugu?
Msomaji, Kilombero

JIBU: Kidogo tu, na usilitegemee. Diuroni, ametrini na atrazini huzuia mmea kutumia mwanga, kwa hiyo mwani unaathirika mapema, lakini dawa yenyewe imeyeyuka na inapita kati ya chembe za mchanga. London, ambako James Simpson alijenga chujio la namna hii mwaka 1829, mafundi walilazimika katika miaka ya 1990 kulaza tabaka la mkaa ulioamilishwa katikati ya mchanga ili kuzinasa dawa za mashambani. Mkaa wa kupikia hauna nguvu hiyo. Kwa kipimo, chota lita moja kwenye chupa ya kioo cheusi wakati wa mvua ya kwanza baada ya kupuliza, ijae bila kuacha hewa, iweke kwenye barafu na uifikishe maabara ndani ya saa 24.