Behewa lisilotulia relini: maswali yenu ya treni za mfano

Nimeunganisha behewa la mizigo la HO (kipimo cha 1:87), mfano wa behewa halisi la futi 40. Kila likifika kwenye kona linaacha reli. Nimekosea wapi?

Lipime uzito kwanza. Behewa la plastiki huwa jepesi mno, na likivutwa katikati ya treni ndefu kona hulitoa relini. NMRA, chama cha Marekani cha wapenzi wa treni za mfano kilichoanzishwa 1935, kinapendekeza kwa HO gramu 28 za kuanzia, kisha gramu 14 kwa kila inchi ya urefu. Kwa kipimo cha 1:87 behewa lako lina inchi 5.5, kwa hiyo lifike gramu 105 hivi. Mzani wa jikoni unatosha. Pungufu lijazie kwa nati za chuma, uzibandike sakafuni kabla hujafunga paa, zisielemee upande mmoja.

Bado linaanguka? Lipindue utazame skrubu za bogi, yaani zile fremu mbili za magurudumu zilizo chini ya behewa. Wengi huzikaza zote mbili sawasawa, na kosa liko hapo. Bogi moja ikaze izunguke kushoto na kulia tu, isiyumbe. Ya pili ilegeze kidogo icheze kila upande. Behewa litakaa kama kigoda cha miguu mitatu, ambacho hata sakafu ikiwa na mabonde hakitikisiki. Nimeona mabehewa yaliyopakwa rangi kwa ustadi mkubwa yakiishia kabatini kwa sababu ya skrubu hiyo moja, na huniuma.

Nitumie gundi gani?

Kwa plastiki ya styrene, gundi nyepesi inayoyeyusha plastiki. Shikanisha vipande, gusa mshono kwa brashi ndogo, itapenya yenyewe. Dirisha liwe wazi. Chuma na resini ni kazi ya supaglu. Bogi nyingi ni za plastiki ya asetali, na gundi ya styrene haizishiki.

Rangi yangu inabanduka.

Vipande hutoka kiwandani na mafuta ya kalibu. Vioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, vikauke, ndipo upake.

Nataka kutengeneza mabehewa ya reli ya zamani ya Mombasa hadi Kampala. HO itafaa?

Umenifurahisha sana! Kipimo cha 1:87 kinafaa, njia yake ndiyo haifai. Njia ya HO ina upana wa milimita 16.5, ambayo kwa kipimo hicho ni sawa na reli halisi ya milimita 1435 kama SGR. Reli ile ya zamani ni ya mita moja. Igawe kwa 87 upate milimita 11.5. Tafuta njia na bogi za HOm, zenye milimita 12, na bodi uikate mwenyewe kwenye karatasi za styrene. Vipimo usivikisie kwa picha: Makumbusho ya Reli ya Nairobi ina mabehewa halisi. Nenda na tepu ya kupimia na daftari, uanze na behewa moja tu.