Kiangazi kirefu, kisha shamba likaporomoka: joto moja linafanyaje yote mawili?

Swali: Mhandisi, salamu. Nalima kahawa na migomba huku juu Bududa, Uganda, kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Kiangazi kilikawia mpaka chemchemi yetu ikabaki kuchuruzika tu, halafu mvua ya jioni moja ikaangusha ukingo wa shamba. Redioni wanasema ni mabadiliko ya tabianchi. Kama joto linaleta ukame, mafuriko nayo yanatoka wapi?

Jibu: Pole kwa shamba, ndugu yangu. Yametoka chungu kimoja. Joto likipanda nyuzi moja ya Selsiasi, hewa inaweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7. Mvuke huo unanyonywa kwenye udongo wako, kwenye majani ya kahawa, ziwani. Ndiyo maana kiangazi sasa kinakausha upesi. Mawingu yakisukumwa juu ya Mlima Elgon, mzigo wote unashushwa kwa mkupuo.

Piga hesabu: mvua ya milimita 50 juu ya ekari moja ni lita laki mbili, tani 200 hivi. Ikigawanyika siku tatu, ardhi inakunywa na chemchemi inapata chake. Ikimwagwa kwa saa moja, mengi yanakimbilia mtoni. Mwaka unaweza kuwa na mvua tele na chemchemi ikakauka vilevile.

Lakini kinachoangusha mlima ni maji yanayozama. Udongo wa kwenu una mfinyanzi mwingi. Ukikauka unapasuka, na nyufa hizo zinakuwa mifereji ya kupeleka maji chini kabisa. Tabaka la juu linakuwa zito, la chini linateleza. Kijiji cha Nametsi, huko huko Bududa, kilifukiwa Machi 2010 baada ya mvua kubwa ya namna hiyo.

Ila tabianchi nayo isisingiziwe kila kitu. Miti yenye mizizi mirefu tuliikata wenyewe, na miteremko tukaichimba tupate viwanja vya nyumba.

Sasa panda juu ya pale palipoanguka. Tafuta ufa uliopinda kama mwezi mchanga, ncha zake zikielekea bondeni. Uliza pia kama maji ya chemchemi yamegeuka tope ghafla, au kama kuna mlango wa nyumba ulioanza kukwama bila sababu. Ukiona hata kimoja, wapeleke watoto wakalale kwa ndugu, mbali na mteremko, kabla wingu la jioni halijafunga.