Raba nyeupe zimegeuka njano

SWALI: Raba zangu nyeupe za ngozi nilizisugua kwa jiki nikazianika juani, zikawa njano. Lebo ina alama ya LWG. Nimeuziwa feki?
Msomaji, Ujiji, Kigoma

JIBU: Si lazima, dada. LWG (Leather Working Group) ni shirika linalokagua viwanda vinavyosindika ngozi: maji, nishati, kemikali. Haikukingi na jiki, ambayo hula rangi ya juu. Jua nalo likamalizia. Njano iliyoingia kwenye ngozi haitoki kwa kufua. Paka rangi nyeupe ya ngozi, matabaka mawili membamba, la kwanza likauke kabisa kabla ya la pili. Baadaye futa tu kwa kitambaa chenye maji na matone mawili ya sabuni ya maji. Ukiloweka, gundi inaachia. Soli, sugua kwa dawa ya meno nyeupe. Anika kivulini, ndani umejaza karatasi nyeupe, maana gazeti huacha wino.