Pete ya Kauri Yenye Njumu: Kazi Kubwa Iko Kwenye Mfereji

Pete ya kwanza ya kauri niliyoitia njumu, yaani pambo linalojazwa kwenye mfereji unaoizunguka pete, na kuimalizia kwenye kerezo langu, mashine inayozungusha kitu kinapochongwa, ilikaa kidoleni mwa mdogo wangu kwa siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili alinijia nayo mkononi, pete upande mmoja na njumu upande mwingine, ikiwa imebanduka nzimanzima kama ukoko wa wali unavyobanduka kwenye sufuria iliyolowekwa. "Kaka, sijaigonga mahali popote," aliniambia, na alikuwa mkweli. Kosa lilikuwa langu, na nilikuwa nimelifanya kabla hata sijawasha mashine. Tangu hapo nimetengeneza pete nyingi katika chumba cha stoo nyuma ya nyumba yangu hapa Dar es Salaam, na kila iliyoharibika, isipokuwa mbili nitakazozieleza, iliharibikia kwenye mfereji na si kwenye kerezo. Ndiyo maana ushauri wangu kwa anayeanza utakaa sana kwenye hatua ya kujaza, ambayo wengi huipita mbio ili wawahi kukereza.

Njumu ni neno la zamani katika pwani yetu. Wazee wa Lamu na Unguja waliita hivyo vipande vya pembe, mfupa au fedha vilivyochomekwa ndani ya mbao, kama inavyoonekana kwenye viti vya enzi. Vijana wa leo wakilisikia huwaza viatu vya kuchezea mpira, lakini sijapata neno lililo bora zaidi kwa kazi hii. Kauri ninayoizungumzia nayo si simbi ya ufukweni wala udongo wa kikombe cha chai, bali ni zirkonia, yaani unga wa oksidi ya zirkoniamu unaoshindiliwa katika umbo la pete na kuchomwa kwenye tanuri lenye joto la takribani nyuzi 1,500 za Selsiasi, ambamo pete husinyaa kwa karibu humusi moja ya ukubwa wake na kutoka ikiwa ngumu kuliko tupa ya chuma. Katika kipimo cha ugumu cha Mohs, ambacho almasi hufika 10, zirkonia hukaribia 8.5. Kwa hiyo pete yenyewe haikerezwi nyumbani. Unainunua ikiwa imekwisha kuchomwa, na mfereji wake umeshatengenezwa kiwandani ukiizunguka pete yote. Kinachokerezwa ni kile ulichokijaza wewe.

Pete tupu za namna hii huagizwa kwa wingi kutoka China, na mawakala wa mizigo wa Kariakoo huzileta pamoja na bidhaa nyingine. Mimi hupendelea yenye upana wa milimita 8 na mfereji wa milimita 4, kwa sababu mfereji mwembamba zaidi ya huo ni mgumu kuujaza bila kuacha mapengo. Kwa kuwa hakuna sonara anayeweza kuipanua au kuipunguza kauri, vipimo havina budi kuwa sahihi tangu mwanzo. Saizi 7 ya Kimarekani ina kipenyo cha ndani cha milimita 17.3, saizi 9 ina milimita 19, na saizi 10 ina milimita 19.8, hivyo kosa lisilofika hata milimita moja linatosha kuifanya pete isivalike. Mpime mtu jioni, baada ya vidole kufutuka kwa joto la mchana, na umpime kwa pete pana kama ile atakayoivaa, maana pete pana hubana zaidi ya nyembamba yenye saizi ileile.

Kwa njumu ya kwanza ninashauri kifuu cha nazi. Hakina gharama, ni kigumu, na kikisuguliwa vizuri hutoa rangi ya kahawia yenye vidoto vyeusi ambayo hukaa vyema sana kwenye kauri nyeusi. Baada ya kifuu niliuhamia mpingo, na nakumbuka siku nilipokwenda kwa mzee mmoja anayechonga vinyago Mwenge nikamwamkia na kumwomba aniuzie unga wa mpingo uliokuwa umelundikana chini ya benchi lake. "Mwanangu, vumbi haliuzwi," alinijibu, akanijazia mfuko wa rambo na kuongeza mapande matatu ya moyo wa mti yaliyokuwa mazito kama chuma. Mapande yale ndiyo yaliyonifaa, kwa sababu unga wa chini ya benchi huwa umechanganyika na mchanga na nta, na vyote viwili huzuia gundi kushika.

Mawe yanahitaji uangalifu zaidi. Tanzanaiti, ambayo duniani kote huchimbwa Mererani peke yake, hupatikana kwa chembechembe zisizofaa kukatwa kuwa vito. Inunue kwa mwenye leseni ya madini na udai risiti, hata kama unachonunua kinajaa kijiko tu. Malakiti ya kijani kutoka Katanga, upande wa Kolwezi na Likasi, ina rangi ya kupendeza na ni laini kusaga, lakini ina shaba ndani yake na vumbi lake ni sumu, kwa hiyo isagwe ikiwa imelowa maji na kamwe isisagwe kikavu chumbani. Jambo ambalo sikulijua mapema ni kwamba vitu vyenye ugumu tofauti havipendi kukaa pamoja kwenye mfereji mmoja. Tanzanaiti ina ugumu wa kati ya 6 na 7, malakiti haizidi 4, na mpingo ni laini kuliko vyote viwili. Nilipochanganya tanzanaiti na mpingo, msasa ulikula mti haraka na kuyaacha mawe yakiwa yamechomoza kama changarawe kwenye barabara iliyosombwa na mvua. Anayeanza atumie kitu kimoja kwa pete moja.

Sasa nirudi kwenye ile pete ya mdogo wangu. Ndani ya mfereji wa kauri ni laini kama kioo, na gundi haina pa kujishikiza. Kwa hiyo, kabla ya jambo lolote, ukwaruze mfereji kwa tupa ndogo ya almasi mpaka mng'ao wa ndani upotee na kubaki rangi iliyofifia, kisha uusafishe kwa asetoni na kitambaa kisichoacha nyuzi. Baada ya hapo usiuguse tena kwa kidole. Mafuta ya ngozi hayaonekani kwa macho, lakini yanatosha kuitenga gundi na kauri, na hilo ndilo lililotokea: nilikuwa nimeisafisha pete, nikaishika vizuri katikati, juu ya mfereji wenyewe, ili niitazame dirishani.

Ukishaisafisha, zungusha utepe wa karatasi wa mafundi rangi kwenye kingo zote mbili ili mfereji peke yake ubaki wazi. Chekecha unga wa kifuu, mti au jiwe ulilosaga kwa kichujio cha chai, utenganishe mavumbi na chembe, kwa sababu chembe ndizo zinazoonyesha rangi na umbo, na mavumbi ndiyo yanayoziba nafasi zilizobaki kati yake. Tumia supaglu nyepesi kama maji, si ile nzito. Paka kwanza tabaka jembamba la gundi peke yake na uliache likauke. Kisha weka chembe, zishindilie kwa kijiti cha meno, dondosha gundi tone mojamoja, na utazame inavyonywewa. Tone la kwanza huzama mara moja na kuacha rangi iliyokolea. La pili huzama polepole. La tatu likibaki juu likimeta, sehemu hiyo imeshiba, na unapaswa kuigeuza pete na kuanza sehemu nyingine. Ukiongeza la nne, unafungia hewa chini yake, na kiputo hicho utakutana nacho baadaye kwenye kerezo, kikiwa kishimo cheupe katikati ya kazi iliyokwisha kupendeza.

Sisi wa pwani tuna shida ambayo maelekezo mengi hayaitaji. Supaglu hukaushwa na unyevu, na katika miezi ya masika hewa ya Dar es Salaam ina unyevu wa kutosha kuifanya ishike kabla haijafika chini ya mfereji, huku mvuke wake ukitua pembeni na kuacha ukungu mweupe kama chumvi. Nilijaribu kuifanyia kazi usiku, nikajaribu feni, na hatimaye nikaona kinachosaidia ni mambo mawili: kutia gundi kidogokidogo kwa tabaka zisizozidi theluthi ya kina cha mfereji, na kuitunza chupa ndani ya kopo lenye mfuniko unaobana pamoja na vile vifuko vya kufyonzea unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Dawa ya kupuliza ili gundi ikauke haraka ninaishauri kwa tabaka la mwisho tu, na kwa kiasi kidogo, kwa sababu ikipulizwa kwenye gundi nene huichemsha na kuijaza mapovu. Mfereji ujazwe mpaka njumu ichomoze juu ya kingo kwa karibu nusu milimita, kisha pete ilale mpaka kesho yake. Nasisitiza kulala, kwa sababu gundi inayoonekana kavu baada ya saa moja huwa bado mbichi ndani, na ukiikereza hali hiyo husinyaa siku zinazofuata na kuacha bonde unaloweza kulihisi kwa ukucha.

Kerezo langu ni dogo la mbao, lenye mota ya wati 370, na kwa kazi hii hata dogo kuliko hilo linatosha. Pete hushikiliwa na kigogo kilichokerezwa kulingana na tundu lake, na hapa ndipo ilipoharibika mojawapo ya zile pete mbili. Nilitumia kigogo kilichopasuliwa kwa msumeno, ambacho hutanuka unapokaza skrubu katikati yake. Nilikaza mpaka pete ikashika, nikaongeza robo mzunguko kwa hofu ya kwamba itateleza, na nikasikia mlio mdogo mkali, kama wa kikombe kinachotiwa chai ya moto. Kauri huvumilia kusukumwa kutoka nje pande zote kwa usawa, lakini haivumilii kutanuliwa kutoka ndani. Siku hizi hukereza kigogo cha mninga chenye mteremko mdogo sana, nakizungushia utepe wa karatasi tabaka moja au mbili, kisha naisukuma pete kwa mkono mpaka igome kuzunguka. Msuguano huo unatosha, kwa sababu kazi inayofuata haihitaji nguvu.

Kwa kifuu au mpingo, huanza kwa tupa ya kawaida ya chuma huku kerezo likizunguka kati ya mara 600 na 800 kwa dakika, na ugumu wa pete huwa msaada mkubwa: tupa hula njumu, ikifika kwenye kauri huanza kuteleza, na sauti hubadilika kutoka mkwaruzo mzito hadi mluzi mwembamba. Ukisikia mluzi huo, acha. Kwenye kauri nyeupe tupa itaacha michirizi ya kijivu kama ya penseli, ambayo ni chuma kilichosagikia juu ya pete na si mkwaruzo, na hutoka kwa kusuguliwa. Kwa tanzanaiti tupa ya chuma haifai, hivyo tumia ya almasi, lakini ujue kwamba almasi haiitambui kauri kama mpaka na itaikwaruza vilevile inavyolila jiwe. Acha utepe kwenye kingo mpaka mwisho, na uangalie kwa macho kile ambacho sikio halitakuambia.

Baada ya tupa ni msasa wa maji, namba 400, 600, 1000, kisha 2000, ukiwa umebandikwa kwenye kipande cha ubao bapa ili usizame kwenye sehemu laini, na ukiloweshwa kila mara. Maji yanatuliza vumbi na pia yanazuia joto, kwa sababu supaglu hulainika ikipata moto na tanzanaiti inaweza kupasuka joto linapobadilika ghafla. Tumia ukanda mwembamba usiovuka njumu, maana msasa mweusi una chembe ngumu kuliko zirkonia na utaufifisha mng'ao wa kingo. Ukishafifia, hurudishwa kwa pasta ya almasi tu, kazi ya nusu saa ambayo ingeepukwa. Mwisho, paka tabaka mbili au tatu nyembamba za gundi juu ya njumu, zisugue kwa namba 2000, na ung'arishe kwa pasta inayotumiwa kwenye rangi za magari.

Vaa miwani ya kazi na barakoa, kunja mikono ya shati, na usivae glavu mbele ya mashine inayozunguka. Supaglu iliyomwagika isifutwe kwa pamba wala kitambaa cha pamba, kwa sababu vikikutana huzalisha joto ghafla, hufuka moshi na huweza kukuunguza mkono. Weka pia mkeka au zulia chini ya benchi. Pete ya pili kati ya zile mbili iliniponyoka ikiwa imekamilika, ikaangukia vigae vya sakafu na kuvunjika vipande viwili.

Unapomkabidhi mtu pete yake, mweleze kwamba kidole kikivimba haitakatwa kwa msumeno mdogo wa pete ambao hospitali hutumia kwa dhahabu. Hubanwa kwa koleo lenye kufunga, lile linalokazwa kwa skrubu, kidogokidogo kutoka pande mbili mpaka ipasuke, huku kidole na macho vikiwa vimekingwa kwa kitambaa. Mweleze pia aivue anapotumia dawa ya kuondolea rangi ya kucha yenye asetoni, kwa sababu huiyeyusha gundi. Kwa fundi, sifa hiyohiyo ni neema. Ile pete ya mdogo wangu niliilowesha kwenye asetoni usiku mmoja, mabaki yakalainika, nikaukwaruza mfereji kama nilivyopaswa kuukwaruza mara ya kwanza, na kuujaza upya kwa kifuu cha nazi iliyopikiwa nyumbani kwa mama. Anaivaa mpaka leo.