Saba yangu si saba yako: maswali yenu kuhusu dalili zinazobaki baada ya virusi

*Naambiwa niupe uchovu wangu alama kati ya 0 na 10. Kila siku naandika 7. Inamsaidia nani?*

Ikikaa peke yake, haimsaidii mtu. Hiyo 7 imemeza mambo mawili: uchovu unakujia mara ngapi, na ukija unakulemea kiasi gani. Anayeumwa kichwa mara moja kwa mwezi hadi ajifungie gizani, na anayeumwa kidogo kidogo kila siku, wote wanaweza kuandika 7. Dodoso la timu ya Leonard Jason, Chuo Kikuu cha DePaul, Chicago, huuliza kila dalili mara mbili: 0 hadi 4 kwa wingi wa kutokea, kisha 0 hadi 4 kwa ukali. Kwa kawaida dalili huhesabiwa ikifika 2 kote kuwili, yaani ipo karibu nusu ya muda na ukali wake ni wa wastani au zaidi. Mimi ningeongeza safu ya tatu: leo umeshindwa kufanya nini? “Nilikaa chini kuoga” humweleza daktari zaidi ya 7.

*Jumamosi nilifua, Jumapili nikawa mzima, Jumatatu sikuinuka kitandani. Mume wangu anasema ni uvivu.*

Mvivu hafui Jumamosi, mwambie hivyo. Kuzidiwa baada ya shughuli ndiyo dalili inayoutambulisha zaidi ugonjwa wa uchovu sugu (uchovu mzito wa miezi mingi, unaoweza kubaki baada ya virusi), na mara nyingi huchelewa saa 12 hadi 48. Ukiandika ya leo tu, utalaumu Jumapili isiyo na kosa. Kila siku andika shughuli zako, za akili pia: kikao kirefu kinaweza kukuangusha kama kufua. Siku mbaya ikifika, rudi nyuma siku 2 au 3 usome. Usijisukume “kujenga nguvu”. Mwongozo wa Uingereza wa 2021 uliacha kupendekeza mazoezi ya kuongezwa hatua kwa hatua kwa wagonjwa hawa.

*Kwa nini wataalamu wanatugawa makundi, na kila mmoja ana makundi yake?*

Kwa sababu kundi hutegemea swali. Vigezo vya 1994 vya kuutambua ugonjwa wa uchovu sugu vilidai uchovu wa miezi 6 pamoja na dalili 4 kati ya 8. Piga hesabu: wewe ukiwa na 4 za kwanza na mimi 4 za mwisho, tunapewa jina moja ilhali tunachoshirikiana ni uchovu tu! Tena kuzidiwa baada ya shughuli halikuwa sharti. Mwaka 2015 Taasisi ya Tiba ya Marekani ililifanya sharti, pamoja na usingizi usioburudisha. Kompyuta nazo hupanga dalili zinazotembea pamoja, lakini dalili isiyoulizwa haiwezi kuunda kundi. Kundi lako la leo si kama kundi la damu, linaweza kubadilika.

*Mimi sikuugua Korona. Je, haya yananihusu?*

Ndiyo. Huko Dubbo, Australia, watafiti waliwafuatilia watu 253 walioambukizwa virusi vya Epstein-Barr, virusi vya Ross River au bakteria wa homa ya Q. Baada ya miezi 6, asilimia 12 walikuwa na uchovu sugu, wenye sura ileile kwa vimelea vyote vitatu. Kilichoutabiri ni ukali wa ugonjwa wa mwanzo, si hulka ya mgonjwa.