Maswali ya Wasomaji: Chuma Kina Baridi Yake?

SWALI: Asubuhi nikigusa uso wa meza ya mbao sihisi kitu, lakini miguu yake ya chuma ni ya baridi kweli. Vyote vimelala chumba kimoja. Naomba mnieleweshe.

JIBU: Vyote viwili vina jotoridi lilelile, yaani la chumba. Kidole hakipimi jotoridi la kitu, kinahisi kasi ya joto linalotoka mwilini. Ngozi ya mkono huwa na nyuzijoto 32 hivi, kwa hiyo chumba kikiwa na nyuzijoto 22, joto hutoka kwako kwenda kwenye unachogusa. Ubao hupata joto palepale chini ya kidole, na punde unaacha kukunyang'anya joto kwa kasi. Chuma hulisambaza mbali mara moja, kwani kina elektroni huru zinazolisafirisha, hivyo pale ulipogusa panabaki baridi. Chuma cha kawaida hupitisha joto zaidi ya mara 300 kuliko ubao. Meza hiyohiyo ikianikwa juani hadi ifike nyuzijoto 50, mambo hugeuka: chuma kitakuunguza, ubao utavumilika.

Ukitaka kuhakikisha, chukua sufuria ya alumini na ubao wa kukatia, uviache chumbani saa moja. Funika sufuria kifudifudi, kisha weka kipande cha barafu juu ya kila kimoja, vipande vya ukubwa sawa. Barafu iliyo juu ya alumini, ile iliyoonekana baridi zaidi mkononi, ndiyo itakayoyeyuka kwanza. Wengi hubashiri kinyume, na ndiyo maana tunalipenda sana jaribio hili.

SWALI: Tulitumbukiza vijiko vya chuma, mbao na plastiki kwenye maji ya moto, kila mpini ukiwa na tone la siagi. Matone yote yaliyeyuka karibu pamoja. Tulikosea wapi?

JIBU: Shaka yetu ya kwanza ni mvuke. Huo hupanda na kuyeyusha siagi kwa nje, bila joto kupita kwenye kijiko. Funika chombo kwa kadibodi yenye matundu yanayobana mipini.

Pili, vijiko vingi ni vya chuma kisichoshika kutu, ambacho ni kipitishi dhaifu kati ya metali: alumini hukishinda takriban mara 15, shaba zaidi ya mara 25. Mpini ukiwa mrefu na mwembamba, joto huishia hewani kabla ya kufika juu. Afadhali waya mnene wa shaba, wa alumini na kijiti cha mbao, vyote vya unene mmoja. Vizamishe sentimita 5, na siagi ikae sentimita 3 juu ya kadibodi, matone yakilingana kwa ukubwa. Maji yawe mengi, lita moja au zaidi, la sivyo yatapoa kabla kijiti cha mbao hakijaonyesha chochote.