Opsheni ya kuuza iliyo ghali si pesa ya bure

Mdogo wangu wa Ngamiani, unataka kuuza hiyo opsheni ya kuuza (haki ya kuuza hisa kwa bei iliyopangwa) kwa sababu ni ghali, ununue opsheni ya kununua (haki ya kuzinunua kwa bei hiyo), kisha uuze hisa za kuazima ili ujilie tofauti ya bei. Tofauti yenyewe ndiyo ada ya kuazima! Hisa za kuazima ni adimu, wenye soko wameshaiingiza ada hiyo kwenye bei za opsheni. Ada ikiwa 80% kwa mwaka, hisa za dola 10,000 zinakula kama dola 22 kwa siku, hata Jumapili umelala. Tena mwenye hisa akizidai, dalali anazinunua kwa pesa yako ili zirudishwe, kwa bei yoyote iliyopo. Waliouza hisa za kuazima za GameStop, kampuni ya maduka ya michezo ya video, Januari 2021 waliona bei inavyopaa. Ukiamini hisa itashuka, nunua opsheni ya kuuza tu. Hasara haizidi ulicholipa, ingawa lazima ishuke sana ndipo ufaidi.